Figo ya Mama Mkwe

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, saa nne kasoro asubuhi, umeme ulikuwepo na foleni ya wagonjwa ilikuwa fupi. Felisian, mpimaji wa ultrasound, alifuta kitanda kwa dawa, akavaa glavu mpya, akasoma jina lililofuata kwenye daftari: Maria Wambura. Akaingia mama mmoja mnene kidogo, khanga imemfunika kichwa chote hadi kidevuni, akapanda kitandani bila kuongozwa. Wanawake wengi wa vijijini huja kupimwa hivyo hivyo. Hupandisha blauzi, hushusha khanga usoni, mpimaji akashughulika na tumbo tu, na kila mtu akabaki na heshima yake.

Fomu ya daktari ilitaka nyongo. Mama alikuwa akiumwa upande wa kulia kila akila vya mafuta. Felisian alimpaka jeli, akampa pole ya ubaridi wake, akatafuta mawe kwenye nyongo asiyaone. Ini nalo lilikuwa zima. Angeweza kuishia hapo, na wapimaji wengi huishia hapo, lakini yeye alikuwa na tabia moja ambayo walimu wake chuoni waliisifu sana: akitumwa chumba kimoja, alipita nyumba nzima. Akahamia kushoto, kwenye figo.

"Vuta pumzi, mama. Shikilia."

Mama akavuta, akashikilia. Kwenye sehemu ya chini ya figo ya kushoto kulikuwa na kitu. Kilikuwa cha mviringo, kimejaa, wala hakikuwa maji. Felisian akaweka misalaba miwili midogo, mmoja huku na mwingine kule, mashine ikaandika sentimita 2.8. Alikuwa amezama kabisa kwenye kazi yake hata akamsahau mwenye tumbo.

"Niachie?" mama akauliza kutoka chini ya khanga.

Hapo ndipo Felisian alipomjua. Maria Wambura lilikuwa jina la ubatizo, la kwenye kadi ya bima. Kwao Butiama aliitwa Nyangi, na kwa miaka tisa Felisian alikuwa ameisikia sauti ile kwa kupitia ukutani tu. Alikuwa mama mzazi wa Flora, mkewe.

Upande wao, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hampi mkono, hali naye. Wakikutana njiani mmoja wao huingia shambani, na kwa kawaida ni yule mwenye miguu myepesi. Kuhusu kuliona tumbo lake hakuna lililowahi kusemwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna haja ya kulikataza. Nyangi alikuwa amejihadhari. Alichagua Jumanne kwa makusudi, maana Flora aliwahi kumwambia kwamba Jumanne mumewe hupima wagonjwa Bunda. Wiki ile ratiba ilibadilika, na aliitambua sauti ya mkwewe kwenye "vuta pumzi", wakati jeli imeshapakwa na hakuna pa kwenda.

"Achia," Felisian akasema kwa sauti nyembamba ya kuigiza. Haikumdanganya mtu. Alimpa karatasi ya kujifutia kwa mkono alioupitisha nyuma ya mgongo wake, akageukia ukutani, akasoma tangazo la kunawa mikono mara tatu mpaka kandambili za mama zilipofika nje.

Daktari Dorkas, mkuu wa kituo kile cha Iringo, Musoma mjini, alikuwa na utaratibu wake. Kikionekana kitu ambacho hakikutafutwa, mpimaji humrudisha mgonjwa kitandani, daktari husimama pembeni, na wote watatu hukiangalia kwenye skrini ili mgonjwa akione kwa macho yake mwenyewe. Ulikuwa utaratibu mzuri. Felisian aliuwaza, akajiona amesimama juu ya Nyangi kwa mara ya pili, safari hii bila khanga usoni. Akaandika kwenye cheti: Nyongo, haina mawe. Ini, sawa. Figo zote mbili, sawa. Akatia sahihi. Daktari Dorkas alikisoma, akakiamini, akampa mama dawa za vidonda vya tumbo, na maumivu ya kulia yakaisha ndani ya wiki mbili.

Felisian alijiambia kwamba jioni atamweleza Flora. Jioni Flora alikuwa anakaanga sato, amevua viatu vya shule, anasimulia vituko vya mwalimu mkuu. Kumwambia mama yako ana kivimbe kungezaa swali moja tu, nalo ni "umejuaje". Felisian alikula, akamsifu samaki, akaenda kulala. Alijiona mtu wa hovyo, na hakukosea.

Kesho yake mgonjwa wa kwanza alikuwa binti wa Kamunyonge mwenye mimba ya miezi saba. Mtoto alionekana vizuri kwenye skrini, ametanguliza kichwa. Kwenye kona ya juu ilikuwepo figo ya Nyangi, pamoja na kivimbe chake, misalaba yake miwili na maandishi yake: 2.8. Felisian alizima mashine, akaiwasha. Mtoto akarudi na figo ikarudi.

"Hiyo nayo ni ya mtoto?" binti akauliza.

"Hapana. Si yako."

"Sawa. Nilidhani labda pacha."

Adhuhuri figo ilikuwa kwenye simu ya Felisian, nyuma ya majina ya watu. Saa kumi ilikuwa kwenye kioo cha pembeni cha bodaboda iliyompeleka nyumbani Nyakato, na dereva alimwomba ainame kidogo ili aone gari za nyuma. Jioni ilikuwa kwenye televisheni, juu ya kichwa cha msomaji wa taarifa ya habari. Kituo kilimwita fundi wa mashine. Alifungua, akapuliza vumbi, akafunga. Alisema mashine ni nzima, ile picha ni ya mtu, akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti yake na kuaga.

Watu wa Nyakato hawakuikuza. Jumamosi majirani walikuja kwa Felisian kutazama mpira kama kawaida yao, na aliyeanza kulalamika ni Evance wa nyumba ya tatu.

"Mura, ndugu yangu, isogeze hiyo figo, imeziba goli."

"Haisogei."

"Basi ongeza sauti."

Flora ndiye aliyeizoea haraka kuliko wote. Alikuwa akifuta vioo vya kabati kila Jumapili, na akifika kwenye figo alipitisha kitambaa juu yake kama sehemu nyingine yoyote. Mara moja tu aliuliza ni ya nani. Felisian alisema ni ya mgonjwa fulani, na kwamba siri za wagonjwa hazitolewi. Flora alimwangalia kwa heshima, maana alipenda mtu anayelinda siri za kazi. Felisian alitoka nje, akasimama nyuma ya choo muda mrefu.

Daktari Dorkas aliiona siku ya nne, alipoingia chumba cha kupimia kutafuta kalamu. Alivaa miwani.

"Hii ya nani?"

"Sijui, daktari."

"Kigumu hiki. Si maji." Aliinama karibu na skrini. "Sio kila kivimbe ni saratani, unajua mwenyewe. Vingine vinakaaga na mtu mpaka anazeeka, anakufa kwa mambo mengine. Lakini cha namna hii kwenye figo hakiachwi. Anaenda Mwanza, anapigwa siti skeni. Kikiwa kibaya wanakata kipande, wanamwachia figo yake, anarudi kulima."

"Hata kama haumwi?"

"Hivi haviumi, Felisian. Ndio ubaya wake. Ukisubiri viume umeshachelewa. Chini ya sentimita nne kazi ni nyepesi. Kikipita nne habari inaanza kuwa nyingine." Aliipata kalamu. "Mwenye nayo akija, nitafute haraka."

"Sawa, daktari."

Alikuwa anamjua mwenye nayo, anamjua mpaka mlango wa nyuma wa nyumba yake. Alisema "sawa, daktari" na akaendelea kufuta jeli kwenye kifaa ambacho hakikuwa na jeli.

Bunda figo ilimfuata pia. Ilikaa kwenye skrini ya mashine ya huko, ndogo na ya zamani, kiasi kwamba ilichukua robo ya nafasi. Siku moja mwezi wa Julai alimpima mkulima wa pamba anayeitwa Luhende, mzee mrefu ambaye miguu yake ilipita mwisho wa kitanda. Mzee aligeuza shingo kutazama.

"Hiyo ni yangu?"

"Si yako, mzee. Ya kwako ni hii hapa chini."

"Na hiyo ya juu mwenyewe anajua?"

Felisian alisema kuwa bado.

"Mbona bado?" Luhende aliuliza, si kwa ukali. "Sisi ukiona funza kwenye pamba ya jirani, unamwambiaga. Hata kama mlishagombana. Hata kama uliingia shambani kwake kuiba mahindi ndio ukamwona huyo funza. Unasema tu, halafu unapigwa, yanaisha."

Felisian alimwambia avute pumzi ashikilie. Mzee alishikilia pumzi na macho yake hayakutoka kwa mpimaji.

Krismasi maandishi yalisomeka 3.3. Pasaka yakawa 3.6. Kila mara Felisian alipanga siku. Angetuma ujumbe kwa namba asiyoitumia, lakini Nyangi hakuwa na simu ya kusomea ujumbe, angesomewa na wajukuu. Angemwomba padri, lakini padri angeuliza umejuaje. Angemwambia Daktari Dorkas amwite mama kwa kisingizio cha kuangalia dawa, na hili lilikuwa zuri kabisa, isipokuwa daktari angeitoa nakala ya kile cheti kwenye faili na kuisoma tena, mstari wa tatu. Alikonda. Kwenye harusi ya binamu yake Flora, Butiama, aliona kwa mbali mgongo wa Nyangi ukiingia jikoni na beseni la ndizi kichwani, mama mwenye nguvu, anacheka na wenzake. Akajisikia kama mtu aliyeiba na bado anakaribishwa kula.

Septemba maandishi yakawa 4.1. Asubuhi hiyo Felisian aliyaona kwenye kioo cha kunyolea, akanyoa upande mmoja wa ndevu, akaacha. Jumamosi alikwenda Butiama kwa Mzee Bernado, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wake, ambaye ndiye mwenye mji ule sasa. Dawa ya jambo lake ilikuwepo tangu zamani. Mkwe akivuka mpaka wa heshima kwa mama mkwe huleta mbuzi, anakiri kwa wazee, na aibu inaondolewa. Alihesabu kwamba aibu ikiondoka, mdomo utafunguka.

Bernado alimsikiliza akiwa na wazee wenzake wawili, wamekaa kwenye viti vya plastiki.

"Uliona nini, mkwe?"

"Tumbo."

"Lote?"

"Kuanzia hapa mpaka kwenye kitovu. Na ndani."

Wazee waliangaliana. "Na ndani umeona?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee. Mashine inaonyeshaga ndani."

Walijitenga nyuma ya zizi kushauriana. Tumbo la nje walikuwa na kipimo chake, mbuzi mmoja. La ndani hakuna babu aliyeliachia maagizo. Mmoja alisema ndani ni dogo kwa sababu halina ngozi. Mwingine alisema ndani ndiko mtu mwenyewe aliko. Walirudi wakasema mbuzi wawili, dume na jike, na siku ikapangwa, Jumapili ya tatu ya Novemba, ili ndugu wote wawepo.

Siku hiyo walikuja watu kama thelathini. Wanaume walikaa sebuleni na kwenye baraza. Wanawake walikuwa upande wa pili, jikoni na chumba cha ndani, Nyangi katikati yao, ukuta kati yake na mkwewe. Figo ilikuwepo, kwenye kioo cha kabati la vyombo, na misalaba yake miwili na maandishi 4.3. Watoto walikuwa wameiweka sahani ya karanga mbele yake. Mbuzi walichinjwa, ini likachomwa kwanza, na Bernado akasimama nalo kwenye sinia.

"Ini hili likiliwa," alisema, "kilichoonekana hakikuonekana. Hakuna mdomo utakaokitaja, wa mtoto wala wa mzee, wa aliyekiona wala wa mwenyewe. Kinaishia tumboni mwetu hapa. Ndivyo tulivyokuta. Kwa hiyo, mkwe, kama una neno, sema kabla ya ini."

Felisian hakuwa amelijua hilo. Kwao, ng'ambo ya Musoma, mbuzi aliliwa tu na watu wakatawanyika. Alisimama. Neno alikuwa nalo, alikuwa amelala nalo mwaka na miezi minane: mama ana kivimbe, apelekwe Mwanza. Aliangalia nyuso. Walikuwepo wajomba, walikuwepo wakwe wengine waliooa kwenye mji ule, alikuwepo katekista. Kulisema kungekuwa kumfungua Nyangi tumbo upya mbele ya watu thelathini, na kueleza hadharani jinsi alivyolitazama na alivyoliandika. Nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wanasubiri.

"Sina," akasema.

Ini likapita. Kipande kimoja kwake, kimoja kwa Bernado, vingine vikapelekwa upande wa wanawake. Lilikuwa laini, lenye chumvi ya kutosha. Wakati wanatafuna Bernado aliutangazia ukoo kosa lenyewe, kama inavyotakiwa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho: mkwe wetu alimpima mama yake kwenye mashine bila kumjua, akamwona nje na ndani, na leo yameisha. Watu wakapiga makofi. Felisian alisikia mabega yakimshuka, kitu kizito kimetoka, akataka kucheka. Unafuu ule ulimtia aibu kuliko yote aliyoyafanya.

Flora alikuwa na kipande mdomoni alipounganisha mambo. Alikuwa ameifuta figo ile, na kivimbe chake, kila Jumapili. Alitema ini kwenye khanga yake, lakini nusu ilikuwa imeshashuka. Akamshika mama yake mkono, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Chumba hicho kilipakana na sebule. Matofali yake hayakupigwa lipu, na Felisian alikuwa amekaa kwenye kiti kilichoegemea ukuta ule ule.

"Mama, ile figo ya kwenye TV yetu ni ya kwako."

"Usitaje. Umekula."

"Nimetema. Mama, ina kivimbe. Twende Mwanza. Inaweza isiwe saratani, lakini wakuangalie, bado kuna nafasi."

Kukawa na sauti ya sanduku likifunguliwa, halafu ya mfuko wa nailoni.

"Soma hapa," Nyangi alisema. "Mimi macho yangu hayaoni vizuri. Soma huo mstari wa chini."

Flora alisoma polepole. "Figo zote mbili, sawa."

"Na hiyo sahihi ya nani?"

Ikasikika karatasi ya cheti ikikunjwa.

"Mkwe wangu ana elimu ya hizo mashine. Ameangalia, ameandika, ametia na mkono wake. Leo ameleta mbuzi wawili mbele ya watu, wengine hata mmoja huwa wanakimbia. Halafu mimi niende Mwanza niwaambie madaktari ameandika uongo? Nimvue nguo mume wa mwanangu?"

"Mama, ni ugonjwa."

"Na aibu je? Mwaka na nusu sikuweza hata kwenda kanisani Musoma, naogopa nitakutana naye. Leo ndio nimepumua. Niache nipumue, Flora."

Zingetosha sekunde mbili. Felisian hakuhitaji hata kuingia chumba kile. Angegeuza uso kwenye ukuta na kusema cheti kile ni cha uongo, mama, niliogopa. Na kwa kuwa ameshaapishwa na ini angelipishwa mbuzi wengine, labda angefukuzwa kwenye mji, labda na kazini, na Nyangi angepanda gari kesho yake asubuhi. Alilijua hilo lote kwa mpangilio wake. Alifungua mdomo, akaona jinsi Bernado alivyokigeuza kiti chake kidogo ili asitazamane na kabati, na jinsi wazee wengine walivyofanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka sebule nzima ikawa inatazama mlangoni. Akakigeuza na cha kwake.

Wali ukaletwa, na nyama ya mchuzi, na soda. Watu walikula wakiongea habari za mvua na bei ya ng'ombe mnadani. Upande wa pili wa ukuta Flora alikuwa analia bila sauti, na Nyangi alimwacha alie. Kisha mama akajikohoza, akapaza sauti ili asikike hadi sebuleni, lakini maneno akamwelekezea binti yake, kama heshima inavyotaka.

"Flora, muulize mkwe wangu kama ameshiba."

Halafu Flora akauliza, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine.

"Mama anauliza kama umeshiba."

"Mwambie nimeshiba sana," Felisian akasema.